Bato Isiyozama

Mpaka leo nikikumbuka, masikio yananiwaka moto. Mimi ndiye msemaji wa kampuni moja ya bato zinazobeba wasafiri ziwani kutoka hapa Bukavu kwenda Goma. Asubuhi ile patroni, mkubwa wangu wa kazi, alinituma bandarini nikawachangamshe wasafiri, nami nikavaa jile mpya ya kuelea, ile ya kuokoa mtu majini, ili nipendeze kwenye picha.

Hapakuwa na shida yoyote! Wamaman wa Kadutu walishika tiketi zao, wanacheka. Ningenyamaza tu. Lakini mdomo wangu huu! Nikakamata mikro: "Wamaman, bato yetu haiwezi kuzama!"

Kicheko kikakatika. Maman mumoja akashusha muzigo. "Nani amekuuliza habari ya kuzama?"

Nami nikazidi kuongeza: "Hata upepo mukali, haiwezi! Na hata ikizama, kila mutu iko na jile yake!"

Nyuma ya yule maman watu wakaanza kurudi ku dirisha la tiketi kudai feza yao. Yeye akanitazama juu mpaka chini.

"Papa," akasema pole pole, "wewe uko ku inchi kavu, na umefunga jile mpaka shingoni. Unaogopa nini?"