Merikebu ya Babu Yake Baba

Kosa langu lilikuwa kufungua mdomo. Kwetu Kigali kijana anayetaka mke hana mdomo, ana msemaji. Siku ya gusaba, siku ya kwenda kumwomba binti kwao, msemaji ndiye anayedanganya kwa niaba yake, tena kwa heshima zote, na wazee wa upande wa pili wanamjibu kwa uongo wao. Ng'ombe wasiokuwapo wanasifiwa pembe, na hakuna anayekasirika. Mimi sikungoja. Nilikwenda mtaa wa Gitega, dukani kwa baba wa binti, nikijifanya nanunua vifungo vya mashati. Mzee akaniuliza tu, kama anavyomuuliza mteja yeyote, asili yetu ni wapi. Nikasikia ulimi wangu ukisema kwamba babu yake baba yangu alitoka Unguja akavuka Atlantiki kwa merikebu ya matanga.

Mzee akaacha vifungo. "Atlantiki?"

"Mpaka Amerika, mzee."

"Akarudi vipi?"

Hapo nikakumbuka kuwa nina haraka.

"Nenda," akasema, kumbe alijua sikufuata vifungo. "Lakini siku mtakayokuja, msemaji wenu atatueleza alirudi vipi. Binti yangu simtoi kwa watu wasiojulikana walikopita."

Hadithi yenyewe niliirithi kwa marehemu baba, ambaye alikuwa akiitoa kila mama alipomwambia hajui kitu. "Mimi? Sisi tumevuka Atlantiki!" Nikamwendea mama. Akasema yeye aliolewa tu, hakusafiri nao. Niende Gatsata kwa shangazi yake baba, mtoto wa mwisho wa huyo huyo msafiri wangu, na wa pekee aliyebaki hai. Kisha akaniangalia nilivyokaa nyuma ya cherehani barazani. "Utafika kweli? Wewe kwenda sokoni unaaga kama unakwenda Maka."

Nilifika, baada ya kuahirisha hadi aibu ikanishinda. Ulikuwa mwaka wa pili wa vita. Vita vilikuwa kaskazini, ila kizuizi cha barabarani kilikuwa Nyabugogo, njiani kwangu. Askari akachukua kitambulisho changu.

"Unaenda wapi?"

"Gatsata."

"Kufanya nini?"

"Kumtafuta babu."

"Yuko Gatsata?"

"Hapana, afande. Yuko Amerika."

Nadhani aliona kwamba adui yeyote mwenye akili asingemtuma mtu kama mimi. Akanirudishia kitambulisho.

Bibi alikuwa amekaa mkekani akichambua maharage kwa vidole, maana macho yalikuwa yamechoka. Nikamweleza shida yangu yote, na binti, na vifungo. Akacheka mpaka maharage yakamwagika.

"Mjukuu wangu, nani kakudanganya?"

"Baba."

"Baba yako alidanganywa na baba yake. Na huyo kaka yangu alikuwa muongo tangu ananyonya."

Akanisimulia. Baba yake na kaka yake wa tumbo moja walikuwa wachukuzi wa mizigo bandarini Unguja. Merikebu za Waamerika zilikuwa zikileta merikani, zile jora za kitambaa, na kuondoka na karafuu na ngozi. Nahodha mmoja akapungukiwa mabaharia kwa homa, akawaandika kazi wote wawili. Wakapanda na vifurushi vyao.

"Baba yangu akatapika," bibi akasema.

"Katikati ya Atlantiki?"

"Atlantiki gani, wewe! Nanga iko chini, matanga hayajakunjuliwa. Alitapika, akatapika tena, Mzungu akamwonyesha ngalawa kwa kidole. Wakamteremsha na kifurushi chake. Kaka yake akaenda."

Huyo kaka ndiye aliyevuka. Miaka ikapita, baharia wa merikebu nyingine akaleta salamu: yuko hai, kuna baridi isiyosemeka, anafanya kazi gatini, ameoa. Salamu ya pili haikuja. Ndiyo yote tunayoyajua juu yake mpaka leo, na nilimgeuza bibi kila upande nisipate hata jina la mji.

"Na babu?"

"Aliapa kutoiona bahari tena. Akafuata msafara wa bara. Alipofika Ujiji akaliona lile ziwa, akageuka, akarudi Tabora. Kaka yangu ndiye aliyepanda huku milimani. Baba alimuusia atafute mahali ambapo maji ni ya mtungini tu."

Nikarudi kwetu Nyakabanda na ukoo uliopungua. Msemaji wetu alikuwa jirani, fundi baiskeli, ambaye mtaa mzima ulimwazima siku za gusaba. Nikamsihi aseme babu alirudi kwa merikebu nyingine.

"Hapana, sha, rafiki yangu," akasema. "Ingekuwa uongo yangu, wangecheka. Hii iko yako, tena umeulizwa swali. Mimi nitasema vile iko."

Siku ikafika. Tukakaa upande wetu, wao upande wao. Hata salamu hazijaisha, baba wa binti akampita msemaji wake mwenyewe, akauliza: "Alirudi vipi?"

Jirani akasimama, akavua kofia. "Muzehe, ule alivuka ni kaka yake, na hakurudi. Sisi tumetoka kwa ule alitapika."

Mama akajifunika kitenge usoni. Mimi nikaanza kuangalia viatu vyangu, ambavyo havikuwa na cha kuangalia.

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Mkwe wangu wa kwanza ni dereva wa lori la Mombasa," akasema. "Binti yangu anamngoja kama mwezi wa Ramadhani. Nilikuwa naogopa msije mkaniletea mwingine wa kwenda na kurudi. Huyu wa kutapika mpeni soda."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi, kwa furaha, nikainuka nitoe shukrani, na pengine niongeze neno dogo juu ya yule kaka wa Amerika. Jirani akanivuta koti, nikakaa.

"Umepata mke kwa matapishi ya babu yako, sha, hapana kwa merikebu. Sasa funga mdomo, kunywa soda."