Upande wa Kaseti Usio na Mwimbaji

Dada yangu mkubwa alikuwa fundi cherehani sokoni Koboko, mji wetu wa mpakani, nami nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, shemeji yangu alinunua pikapu kuukuu iliyotoka Japani. Ndani ya redio yake mlikuwa na kaseti iliyosahauliwa. Upande mmoja mwanamke aliimba taratibu kwa piano. Upande wa pili zilikuwa nyimbo zilezile, ala tupu, bila mwimbaji.

"Kaseti hii iko mbaya," shemeji alisema. "Sauti ya huyu mama imefutika." Alitaka kurekodi rumba juu yake.

Dada akaichomoa. "Wacha! Hakuna kitu imefutika. Wameacha nafasi ya mutu kuimba."

Sijui alijuaje. Neno karaoke hatukuwa tumelisikia bado. Alasiri, pikapu ilipokuwa imeegeshwa mbele ya kibanda chake, alifungua milango, akasikiliza upande wa kwanza, akarudisha, akasikiliza tena. Maneno aliyaandika kama alivyoyasikia katika daftari la vipimo, katikati ya viuno na mabega ya wateja. Baada ya miezi michache aligeuza kaseti na kuimba wimbo wa tatu mwanzo hadi mwisho. Wauza mihogo waliacha kupigia wateja kelele.

"Lakini dada," nilimwambia, "unaimba maneno usiyoyaelewa."

"Na wale watoto unawafundisha Kiingereza, wanaelewa?"

Ukweli ni kwamba nilimwonea fahari kuliko nilivyoweza kusema.

Siku moja ya soko alikuja mwanamke Mjapani aliyefanya kazi na wakimbizi wa Sudani kambini. Alikuwa ameleta kitenge ashonewe gauni. Dada alikuwa akiimba huku anakanyaga cherehani, hakumwona. Mgeni alisimama mlangoni, kitambaa kifuani, akafunika mdomo kwa mkono. Nilidhani anacheka. Alikuwa analia.

"Mama, umejifunza wapi?" aliuliza kwa Kiswahili cha polepole.

Dada alimwonyesha gari. Mgeni akatueleza kwamba kwao nyimbo hizo huimbwa na kila mtu, wafanyakazi, wanafunzi, mabibi, wakiwa na kipaza sauti na ala tupu kama hizo. Yule mwimbaji, alisema, hutunga mwenyewe, maneno na muziki pia.

"Mwenyewe?" Dada alisimamisha cherehani. "Na huu wa tatu anasema nini?"

Mgeni alifikiri kidogo. "Anasema: nimehamia mji nisioujua. Kila jioni napika chakula cha watu wawili, kisha nakula peke yangu."

Dada aliinamisha kichwa. Baba yetu alikuwa askari. Mwaka wa sabini na tisa, serikali aliyoitumikia ilipoangushwa, tulivuka kwenda Kongo kwa miguu, yeye akabaki nyuma, na hakutufuata kamwe. Kwa miaka yote tuliyoishi ugenini mama alimpakulia baba chakula chake, akakifunika, na asubuhi akatugawia sisi. Jambo hilo hatukuwahi kulizungumza, hata mimi na dada.

"Huyo mama ananijua," dada alisema mwishowe.

Waliimba pamoja, mgeni akimsahihisha hapa na pale. Neno moja ambalo dada alikuwa akilitamka kwa nguvu sana lilimaanisha, kumbe, "chumvi". Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Baada ya hapo dada aliacha kuimba Kijapani kwa wiki kadhaa. Nilihofu amekata tamaa. Kumbe alikuwa anatunga. "Kama yeye anaweza kutunga yake," aliniambia, "mimi nakosa nini?"

Wimbo wake wa kwanza aliuimba Arua, kwenye harusi ya binamu yetu karibu na kanisa la Ediofe, mchana, mbele ya watu waliovaa nguo alizozishona mwenyewe. Maneno yalikuwa Kikakwa, lugha yetu ya nyumbani, na Kiswahili chetu, juu ya mama anayefunika sahani. Akina mama waliokimbia mwaka ule wa sabini na tisa waliweka soda chini. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja wao, mjane wa askari, alisimama, akamfuata dada, akamshika mikono.

"Imba tena, binti yangu," alisema. "Polepole, nipate kushika maneno."