Nesi Anayenusa Viganja

Kila Jumanne nesi wa kliniki ya wajawazito hufanya vile vile: hulipapasa tumbo la kila mama taratibu kwa vidole vyake vifupi, kisha huinua kiganja na kukinusa. "Mafuta! Umekandwa tena na yule bibi!" hufoka, na benchi zima hujikunyata. Mwalimu wa chekechea, mimba yake ya kwanza, alikuwa ameoga kwa sabuni mara mbili na bado akanaswa. Nesi mwenyewe ana mimba ya miezi minane. Vifungo viwili vya gauni lake jeupe vimekataa kufunga.

Alhamisi mgongo ulipomzidi, mwalimu akajiiba kwenda kwa bibi mkunga. Mlangoni, lahaula, raba nyeupe za nesi! Za mwizi arobaini, akawaza, zangu zimetimia. Achungulie paziani, kumbe arobaini haikuwa yake: nesi amelala mkekani, tumbo wazi, chupa ya mafuta bado imefungwa, na bibi ameshika kadi ya kliniki akiigeuza huku na huku.

"Simkandi mtu asiyepimwa, mwanangu. Miezi miwili hii mitupu. Presha yako nani kaiangalia?"

"Kazi zilinizidi, bibi," akajibu yule mfokaji, kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe.

Jumanne iliyofuata nesi aliketi wa kwanza benchini, kadi mkononi, akingoja nesi mwenzake ampime. Mwalimu aliketi kando yake, akamwinamia nesi sikioni, macho yakimng'aa.

"Ukitangulia kwa bibi, shoga, niwekee nafasi."