Bibi anamwagilia nyasi za plastiki

Jamani, leo nimekuta mtu anamwagilia nyasi za plastiki!

Nilizitandika mwezi uliopita mbele ya saluni ya bibi mmoja, huku Temeke. Udongo wa pale ni wa mfinyanzi, ukinywa maji unaumuka kama andazi. Tukachimba, tukajaza kokoto, tukashindilia mpaka mgongo ukaniuma.

Leo asubuhi kanipigia: "Njoo uone kazi yako mbovu!"

Nafika, mlangoni nyasi zimefanya nundu. Na yeye kasimama na ndoo.

"Shikamoo bibi. Hizi hazioti, unamwagilia nini?"

"Marahaba. Nani kakwambia namwagilia nyasi? Namwagia mlango, wateja waje. Nimeanza enzi zile nauza duka la ujamaa."

Ndoo mbili kila asubuhi, palepale! Halafu eti kazi mbovu ni yangu?

Nikamweleza kwa upole: bibi, maji hayaleti wateja, yanaleta nundu.

Sijamaliza, wakaingia wateja watatu. Mmoja kajikwaa kwenye nundu, akaingia hivyohivyo.

Bibi akanitazama, akanikabidhi ndoo.

"Kajaze."

Nimejaza. Nyie mngefanyaje?