Gemu Inayochelewa

Dada yangu ni dobi wa hospitali. Watu wakisikia dobi wanafikiria beseni na kamba ya kuanikia. Wamfuate siku moja tu kule nyuma ya wodi, kwenye chumba chenye mashine tatu zinazotikisa sakafu, waone mashuka yanavyoingia yalivyo machafu, kisha waje waniambie. Kazi anaanza alfajiri. Saa kumi jioni anarudi, anavua viatu mlangoni, anajitupa kwenye kochi, na mumewe anamsogezea pedi ya gemu. Hapo ndipo zamu yake ya pili inapoanza.

Nasema zamu kwa sababu dada hapendi mpira na hajawahi kuupenda. Mwenye mpira ni shemeji, aliyekuwa fundi wa kupaka rangi majumba hadi kiharusi kilipomlaza mkono wa kulia. Daktari wa mazoezi alimpa kimpira laini cha kuminya mara hamsini kwa siku. Alikiminya siku mbili, ya tatu nikakikuta uvunguni mwa kitanda. Alisema yeye si mtoto mchanga. Lakini akishika pedi, gumba la mkono ule ule linabonyeza, linateleza, linabonyeza tena, saa nzima, bila mtu kumhesabia. Na anaongea. Kutwa nzima utapata kwake "ndiyo" na "sitaki". Kwenye gemu anabishana na refa.

Gemu yenyewe ni mbovu, wala sitii chumvi. Golikipa, mpira ukifika kona ya kushoto, anaacha goli na kutoka zake nje, ndiyo maana pale nyumbani anaitwa Mwenda Sokoni. Kuna beki anayegeuka kwa awamu. Huyo ni Kabati. Mtangazaji anajua sentensi sita tu, na anasifia hata shuti lililopaa juu ya goli. Mvua ikinyesha ndani ya mchezo, picha inaganda na mechi inaanza upya, basi utamsikia dada, mtu mzima, akiomba kusiwe na mawingu kwenye televisheni. Kubwa kuliko yote, inachelewa. Unabonyeza, unasubiri, mchezaji anapiga ukiwa umeshakata tamaa. Nilicheza mara moja nikataka kuirusha pedi dirishani.

Kwa hiyo mimi, kwa kiherehere changu, nikaamua kuwasaidia. Nilikuwa nakaa nao tangu shemeji augue, nikipika na kumshika mkono akienda kuoga. Mchana mmoja alipolala, nilichomoa ile CD nikaipeleka kwa muuza gemu wa mtaa wa pili, tukabadilishana na toleo jipya. Nilirudi nikijiona mwerevu kweli kweli.

Saa kumi wakakaa. Jezi zilikuwa zinang'aa, hata jasho la wachezaji lilionekana. Dada alibonyeza, mchezaji wake akapiga papo hapo. Shemeji alibonyeza, na kabla gumba halijamaliza kushuka mpira ulikuwa umeshanyang'anywa. Hapo nikaelewa nilichofanya. Gemu ya zamani ilikuwa inawachelewesha wote wawili, mzima na mgonjwa, wala hakuna aliyeweza kusema nani mzito. Hii mpya ilimsema. Ilipofika sita bila, dada akaanza kupiga mipira nje makusudi, na shemeji akamwona.

"Usinihurumie," alisema, akaiweka pedi chini kwa mkono wa kushoto.

Siku nne hakuigusa. Dada alisubiri labda atazoea, lakini shemeji alikaa dirishani tu, mkono wa kulia umelala mapajani, vidole vimeanza kujikunja. Kujikunja huko ndiko alikotuonya daktari: vikizoea hivyo, havinyooki tena. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jioni ya nne dada alivua viatu, akavitazama vidole vile, kisha akanitazama mimi.

"Ile CD ya zamani iko wapi?"

"Niliibadilisha, dada. Kwa yule muuza gemu."

Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alivaa kiatu kimoja, akapumzika kidogo, akavaa cha pili. "Haya, nipeleke."

Muuza gemu alituambia ameitia kwenye boksi la takataka. Alichakura, akaipata, akaifuta kwa shati.

"Mama, lakini hii ni mbovu. Golikipa wake anatoka nje."

"Tunamjua," dada akasema.

"Na inachelewa sana."

"Ndiyo hiyo hiyo ninayoitaka."

Akatukabidhi, nasi tukamwachia ile mpya. Njiani dada alisimama mara mbili kushika kiuno. Mimi nilibeba kile kiboksi cha CD kwa mikono miwili, hata sijui kwa nini.

Shemeji aliposikia sauti ya yule mtangazaji alitoka dirishani, akaja kwenye kochi. Aliuinua mkono wa kulia kwa wa kushoto, akauweka juu ya pedi, akaanza kuvinyoosha vidole kimoja kimoja. Kipindi cha kwanza hakuna aliyefunga. Mwanzoni mwa cha pili nikasikia koromo. Dada alikuwa ameshalala, kichwa nyuma, mdomo wazi, pedi mapajani, na timu yake nzima imesimama uwanjani kila mtu alipo.

Nikamsogelea nimwamshe. Shemeji akanikatalia kwa kichwa.

Angeweza kufunga kumi. Badala yake alirudisha mpira nyuma kwa Kabati, Kabati akampa mwenzake, mwenzake akamrudishia. Gumba likabonyeza, likateleza, likabonyeza. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Aliuzungusha mpira ule kipindi chote cha pili bila kuvuka katikati ya uwanja, mpaka filimbi ya mwisho. Filimbi ndiyo iliyomwamsha dada.

"Umenifunga ngapi?"

"Sare."

"Acha uongo, mimi nimelala."

"Muulize mdogo wako."

"Sare, dada," nikasema.

Aliangalia ubao wa magoli kwenye kioo, sifuri kwa sifuri, akaangalia uso wa mumewe uliolowa. Shemeji akanyoosha mkono wa kulia, akashika pedi iliyokuwa mapajani mwa dada. Ikamponyoka. Dada hakumsaidia, alitulia vile vile, na macho yake yakajaa machozi. Shemeji akaishika tena, akaiinua, akaiweka mezani.

"Lala, mke wangu," alisema. "Leo umefua sana."