Chungu cha Ardis Kwenye Chumba cha Kufulia

Ardis Prigge alikuwa na miaka sabini na mmoja alipoanza kuficha chakula ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hakuficha pombe, wala peremende kama wafanyavyo wagonjwa wa sukari. Alificha soseji. Alizipika chini, kwenye chumba cha kufulia, ndani ya chungu cha umeme, kile kinachopika polepole tangu asubuhi mpaka alasiri, na juu ya kifuniko akatandaza taulo mbili nene ili harufu isipande ngazi. Mumewe Elroy akiuliza yuko wapi, alijibu anafua.

Aibu yake ilikuwa kubwa, na kila mtu wa mji wao, Sheboygan, angeielewa. Brati, ndivyo waziitavyo soseji hizo, huchomwa. Huchomwa nje, juu ya mkaa, Jumamosi, na mwanamume mwenye koleo mkono mmoja na bia mkono wa pili. Huliwa mbili mbili ndani ya mkate mgumu, na haradali na kitunguu kibichi, basi. Kuchemsha brati ni mambo ya watu wa Milwaukee, ule mji mkubwa wa jirani, na watu wa Milwaukee, Elroy alizoea kusema, wangechemsha hata keki ya harusi kama wangepata sufuria ya kuienea.

Na Ardis hakuwa mgeni wa soseji. Aliijua kabla ya kujua kusoma. Baba yake, Reinhold, alikuwa na bucha huko shambani, na yeye akiwa na miaka saba alisimamishwa juu ya kreti ili mikono ifike kwenye beseni, akawa anaosha utumbo wa nguruwe kwa maji ya baridi mpaka vidole vinakufa ganzi. Alipolia, baba yake alimwambia nguruwe naye alilia, mbona kazi iliendelea. Baadaye akaajiriwa kwenye kiwanda kidogo cha soseji mjini, miaka ishirini na miwili, kazi yake kusokota utumbo uliojazwa nyama: mizunguko mitatu mbele, mitatu nyuma, mbele, nyuma. Mkono ulizoea hata ukawa unasokota usingizini, na Elroy alikuwa akiushika na kunong'ona, "Tulia, mama. Zamu imeisha."

Lakini kuchoma hakuwahi. Jiko la mkaa lilikuwa la Elroy. Ardis alifua, alipika, alizoa theluji mlangoni, alimlea mtoto wao Duane mpaka akahamia Arizona na kugeuka sauti ya simu ya Jumapili. Elroy alichukua kazi moja tu ya nyumbani, na akachagua ile inayosifiwa. Wageni walikula wakasema, "Elroy, wewe ni hatari!" Nani aliwahi kumsifu mtu kwa kuzoa theluji?

Elroy mwenyewe alikuwa mtu wa kiwanda cha kuyeyusha chuma. Kwa miaka thelathini na minane alivunja kalibu za mchanga na kutoa vyuma vya moto, akipumua lile vumbi kama wengine wanavyopumua upepo wa ziwa. Vumbi halina haraka. Lilimsubiri astaafu, apokee saa ya mkononi na mkono wa meneja, ndipo likadai chake. Daktari aliweka picha ya mapafu ukutani akasema yamekuwa kama saruji. Tangu siku hiyo mashine ya oksijeni ilinguruma sebuleni mchana kutwa, na Elroy akazunguka nyumba na mpira mrefu puani kama mbuzi aliyefungwa kambani.

Nesi aliyekuja kila Jumanne aliitwa Pahoua Xiong, Mhmong, wa jamii ya wahamiaji wa mjini hapo hapo, mfupi, mchangamfu, asiyetishika. Siku ya kwanza kabisa aliwaketisha wote wawili mezani.

"Nasema mbele yenu pamoja, asije mtu akasema hakusikia. Oksijeni na moto havikai nyumba moja. Sigara, mshumaa, mkaa, hapana. Nikikuta moto hapa, kampuni inachukua mashine yake, na mzee anakwenda nyumba ya wazee."

"Na jua je?" Elroy akauliza. "Tulizime?"

"Jua liache, mzee. Hilo haliko kwenye fomu yangu."

Wakacheka. Ardis hakucheka. Nyumba ya wazee aliijua. Ndiko alikofia baba yake Elroy, amefungwa mkanda kwenye kiti, akiita watu waliokufa zamani. Walipotoka mazikoni Elroy alikaa ndani ya gari bila kuliwasha, akasema, "Mimi usinipeleke pale. Nife kitandani kwangu, hata kama nitakuchafulia mashuka." Ardis aliahidi. Katika ndoa ya miaka hamsini alikuwa amemvunjia ahadi nyingi ndogo ndogo, naye kamvunjia zaidi, lakini ile alikusudia kuishika.

Kwa hiyo alisukuma jiko la mkaa nyuma ya gereji. Alitaka kuligawa. Elroy akamwomba aliache, alitazame tu kupitia dirishani, na Ardis, ambaye hakuwa mwepesi wa huruma, siku hiyo akawa mwepesi.

Ilipofika Julai Elroy akaacha kula. Supu alisukuma, uji alisukuma, viazi alivitazama kama vimemtukana. Kila Jumamosi jirani yao, Gerrit Dirkse, aliwasha mkaa, na moshi ukavuka uzio ukaingia mpaka kitandani. Elroy aligeukia ukuta. Pahoua alimpima, akaandika, akampima tena.

"Bi Ardis, huyu anayeyuka. Mpe chochote anachokitaka. Chochote."

Anachokitaka! Kitu kimoja tu alikitaka, na kilikuwa haramu.

Ndipo Ardis akaenda na chungu chini. Akakata vitunguu viwili, akamimina bia, akatia kipande cha siagi, akalaza brati sita, akafunika, akakiacha kijiendee kwa muda wa saa sita. Alipofunua alikutana na vitu vyeupe vilivyovimba, kama vidole vya mtu aliyekaa majini sana. Akavigeuza kwenye kikaango juu ya jiko la umeme mpaka vikapata rangi kidogo, rangi ya uongo, akatia ndani ya mkate, moja ya mumewe na moja yake.

"Hii imetoka wapi?" Elroy akauliza.

"Dirkse. Kaipitisha juu ya uzio."

Elroy akang'ata. Akatafuna muda mrefu, maana pumzi ilikuwa fupi.

"Dirkse kazeeka," akasema. "Moto wake umekufa. Hii hata ngozi haina mlio."

"Wewe kula, acha kumsema mtu wa watu."

"Namsema huku nakula. Dirkse huyu! Na babake alivyokuwa anachoma. Laana hii."

Akamaliza brati nzima. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na Ardis aliosha ile sahani mara mbili. Jumamosi iliyofuata vivyo hivyo, na iliyofuata. Kila wiki Elroy alikula na kumtukana Dirkse, na kila wiki matusi yalizidi utamu, na Jumanne Pahoua alisema uzito wa pauni mbili umerudi. Maskini Dirkse aliwapungia mkono kutoka upande wake wa uzio, hajui kwamba heshima yake imeshakufa.

Jumamosi ya sita Ardis alishuka kuangalia chungu. Mashine ya kufulia ilikuwa ikizunguka kweli, maana alikuwa mwangalifu katika uongo wake, na kelele zake zilijaza chumba. Hakusikia mlango wa nyuma. Hakusikia magurudumu ya ile chupa ndogo ya oksijeni, ya kwendea hospitali, ikishuka ngazi za nje moja moja. Alichosikia ni sauti, fupi, kama mtu kapiga kofi shuka lililolowa, halafu ukelele wa Elroy.

Alipanda zile ngazi kama msichana. Nyuma ya gereji Elroy alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko lake. Mkaa ulikuwa unawaka vizuri, uwashaji wa fundi, naye alikuwa ameinama kuupuliza. Mpira wa puani ulikuwa unaungua kama utambi, moto ukitembea kuelekea kwenye chupa. Ardis aliushika kwa mkono mtupu akaung'oa usoni kwake, akafunga koki, akautupa nyasini akaukanyaga mpaka ukazimika. Plastiki ilibaki imemganda kiganjani. Pua ya Elroy, midomo, nyusi, vyote vilikuwa vimeungua. Kando yake, juu ya sahani, kulikuwa na brati mbili mbichi kutoka kwenye jokofu.

"Una wazimu?" Ardis alimpigia kelele. "Una wazimu wewe mwanamume?"

"Nilitaka," akavuta pumzi, "ule kitu cha maana. Jumamosi tano unakula takataka za Dirkse. Kwa ajili yangu."

Alimburuta mpaka ndani, akamtia mpira mpya wa mashine, akamwekea vitambaa vya maji. Gari la wagonjwa hakuliita. Kuliita kungekuwa kujichongea, na Jumanne ilikuwa mbali. Akakaa ukingoni mwa kitanda, kiganja chake ndani ya bakuli la maji.

"Hazikuwa za Dirkse," akasema.

Elroy alifungua jicho moja.

"Nilizipika mimi. Chini. Kwenye chungu cha umeme."

Elroy alimgeuzia uso.

"Jumamosi zote tano?"

"Zote tano."

"Na bia?"

"Na bia. Na vitunguu."

"Kama watu wa Milwaukee."

"Kama watu wa Milwaukee."

"Ungeniambia ningekula."

"Usingekula, Elroy."

Akafikiri. "Nisingekula," akakubali, akafumba jicho.

Hapo Ardis alijionea mwenyewe hesabu yake ilivyo. Laiti angesema kweli, mzee angegoma kula, angekonda, lakini asingetoka na kiberiti kumwokoa mkewe kutokana na upishi wa Dirkse. Alifikiria hivyo kwa siku tatu, akibadilisha vitambaa. Hakulia. Alilifua lile shati lililoungua kola akalitupa, kisha akalitoa kwenye pipa akalitupa pipa la mbali zaidi.

Jumanne Pahoua aliingia na mkoba wake, akasimama mlangoni mwa chumba.

"Nini hiki?"

"Mvuke," Ardis akasema. Alikuwa amejiandaa. "Nilimwekea beseni la maji moto ajifukize, akainama mno."

"Na mkono wako?"

"Beseni hilo hilo."

Nesi alimtazama mgonjwa, akatazama zile nyusi zilizosokoteka ncha. Mvuke hausokoti nyusi, na Ardis aliona kwamba anajua. Aliona pia kalamu haijagusa karatasi. Pahoua alikuwa na mama yake mwenyewe nyumbani, kitandani.

"Mvuke," Pahoua akarudia polepole. "Mvuke nao ni mbaya. Nitaandika..."

"Andika moto," Elroy akasema.

"Elroy, nyamaza."

"Andika moto, binti. Niliwasha mimi, mkaa, nyuma ya gereji. Huyu alikuwa chini, hana habari."

"Anaweweseka," Ardis akasema. "Dawa zimempanda kichwani."

"Dawa nini! Mwangalie mkono, binti. Alishika moto kwa mkono huu. Anasokota vitambaa kwa meno siku ya tatu, anadhani sioni." Akapumzika, pumzi ikipiga filimbi. "Jumamosi ijayo nikisikia moshi nitatoka tena. Najijua. Nitaapa sitoki, nitatoka. Nitamchoma huyu na nyumba yake."

"Nitalivunja jiko," Ardis akasema. "Nitalivunja leo, kwa shoka."

"Dirkse analo. Nitaruka uzio."

"Wewe? Uruke uzio? Hata kitanda huruki!"

"Basi nitakufa nikiukwea, na utachekwa. Mama. Wanipeleke."

"Uliniapisha."

"Nakuondolea kiapo. Kilikuwa changu."

"Mjinga wewe," Ardis alisema. "Mjinga mkubwa, hata kufa hujui kufa vizuri." Kisha ndipo alipolia, kwa hasira, mdomo wazi, na hakuna aliyemshika, kwa kuwa wote wawili walimwogopa.

Pahoua aliandika moto.

Gari lilikuja Alhamisi. Duane alipiga simu kusema ni uamuzi wa busara, na Ardis akakata simu katikati ya busara. Kule walimpa Elroy kitanda cha karibu na mlango, kwa sababu dirisha lilikuwa na mwenyewe. Ardis alikwenda kila siku saa tatu asubuhi, kiganja kikiwa kimefungwa bendeji, akamnyoa, akamkatia kucha, akamgombeza. Elroy hakuita wafu. Aliita mara moja tu, "Zamu?" na Ardis akasema bado.

Siku ya kumi na tisa alikuta kitanda kimetandikwa, shuka limevutwa likanyooka kama karatasi. Akauliza msichana wa zamu kwa nini hawakumpigia.

"Tulipiga, bibi. Mara mbili. Hakupokea mtu."

"Nilikuwa njiani," Ardis akasema.

"Ndiyo, bibi," msichana akasema, akamletea begi la nguo za Elroy.