Koti la Shemeji na Chumba cha Bei Nafuu

Mimi ni mtu wa Kehancha, na sisi wa Kehancha hatujui kuzunguka zunguka kwa maneno. Kwa hiyo nasema wazi: Zilpah alilala Ulaya katika chumba alichokitafuta mwenyewe, akakipigania bei mwenyewe. Anayesema alibebwa na wazungu kama gunia la mahindi aje hapa Migori aniambie usoni. Chumba kile tulikipangia mezani pangu. Hata kitanda chake nakijua, na sijawahi kukiona.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa na lojingi nyuma ya stendi. Vyumba vichache, ua katikati, choo kule nyuma, na mbele hoteli ndogo ya chai na ugali kwa samaki. Zilpah ndiye aliyetandika vitanda. Majirani zake walimwita Nyar Asumbi, binti wa Asumbi, kwa kuwa alizaliwa huko upande wa Homa Bay, na Wajaluo hawasahau mke alikotoka hata akiota mvi. Mimi nami nilimwita hivyo. Yeye aliniita Mama Gisiri, kwa jina la mwanangu. Mimi Mkuria, yeye Mjaluo, kilichotukutanisha kilikuwa Kiswahili, na tulikivunja vunja bila haya.

Mumewe, Willis, alikuwa amekufa miaka kadhaa nyuma, akamwachia nyumba ya mabati, shamba, na ndugu. Shida ni hao ndugu. Kwa desturi yao mjane hurithiwa na mwanamume wa ukoo, na kabla hajarithiwa haruhusiwi kulala nje ya boma lake hata usiku mmoja. Akilala nje, wanasema, chira inaingia, ile laana inayomkausha mtu mpaka anabaki mifupa, yeye na watoto wake. Zilpah alikataa kurithiwa. Alikataa akiwa bado na nguo za matanga, akakataa tena alipozivua. Lakini kulala nje hakulala. Chira hakuiogopa. Aliogopea shamba.

"Siku nikilala nje, Mama Gisiri, watasema nimehama," aliniambia. "Kesho yake watalima mpaka mlangoni."

Sasa fikiria. Mwanamke anatandika vitanda vya watu kila siku ya Mungu, anajua mgeni gani anakoroma na yupi anaiba sabuni, na yeye mwenyewe hajawahi kulala kitanda cha kulipia maishani mwake. Mvua ikimwagika, barabara ya kwenda kwake Oruba ikawa tope tupu, nilimwambia alale chumba namba nne. Wapi! Alivua viatu, akajitanda kanga kichwani, akashika njia. Nilikuwa namfokea akiwa tayari ameshafika lango la nje.

Halafu ikaja habari ya Sista Marcella. Huyu alikuwa mtawa wa Kiitaliano aliyekuwa na zahanati kule kwao Zilpah. Mama yake Zilpah alipokufa, Sista ndiye aliyemchukua msichana, akamfunza kushona, kupika, na kutandika kitanda cha mgonjwa kikanyooka bila kunjo. Baadaye Sista akazeeka, akarudishwa kwao, kijiji cha milimani kusini kabisa mwa Italia. Kila Krismasi aliandika. Mwaka huo aliandika kabla ya Krismasi: miguu imekufa, akili bado ipo, na angependa kumwona mtoto wake wa Asumbi kabla hajafunga macho. Watu wa parokia yake walikuwa wamechanga tiketi ya ndege. Ila nyumba ya watawa wazee haikuwa na chumba cha mgeni, kwa hiyo malazi wangeyatafuta pia.

Zilpah akasema hapana, malazi atalipa mwenyewe. Nilidhani amepandwa na kichaa. Nikamuuliza kama anajua Ulaya watu wanalipa nini kwa kitanda. Akasema hajui, ndiyo maana ananiuliza mimi, si nina lojingi?

Basi tukakaa chini. Sista alikuwa ametaja nyumba mbili za wageni. Moja ilikuwa mjini chini, ina maji moto na picha ukutani, na bei yake ilitufanya tuangaliane tukacheka. Ya pili ilikuwa kijijini kwenyewe, hatua chache kutoka kwa watawa: vyumba vya juu ya duka la mvinyo, choo cha kushirikiana, mwenyewe mama mmoja aitwaye Teresa, mjane. Nikamwambia Zilpah huyo ndiye mtu wetu. Mjane mwenye vyumba hawezi kukataa mgeni wa msimu mbaya, namjua kama ninavyojijua.

Tukaenda posta kupiga simu. Kiitaliano cha Zilpah kilikuwa cha jikoni na cha kanisani: aliweza kuomba chumvi na kuomba msamaha, katikati hapo alikuwa anabahatisha. Lakini mwanamke yule alisimama ndani ya kibanda cha simu akabishana na Ulaya! Mimi nilikuwa nje ya kioo nikimpa ishara. Uliza kitasa. Uliza kama chai ya asubuhi imo ndani ya bei. Uliza mwezi gani wageni hawapo. Teresa akasema Agosti watoto wa kijiji wanarudi kutoka miji mikubwa, chumba hakipatikani, bei inapaa. Njoo Februari, hakuna mtu. Chai na mkate vimo. Shuka, ukibadilisha mwenyewe, bei inashuka kidogo zaidi. Hapo Zilpah alicheka mpaka karani wa posta akageuka kumtazama. Kupasha chumba moto ni malipo mbali. Zilpah akasema moto hautaki.

Nilimkemea njia nzima ya kurudi. Sista alishaandika kwamba Februari kule theluji inafika dirishani, na huyu anakataa moto! Akaniambia kwa utulivu kwamba moto wa kulipia unaisha ukiondoka, koti unarudi nalo. Atatafuta koti zito. Tukatafuta soko la mitumba lote, na siku ya soko nikamtuma hadi Ndhiwa. Tulipata vikoti vya watoto na vijaketi vya kuendea harusi. Nani alete koti la theluji Migori?

Kuhusu omena ndiyo tuligombana sana. Alitaka abebe mfuko wa omena kavu, wale dagaa wa ziwani, na unga, apike chumbani ili asinunue chakula. Nikamwambia mgeni anayepika ndani ya chumba changu namtoa pamoja na sufuria yake, na Teresa akiwa na akili atafanya vivyo hivyo. Mwishowe tukaafikiana kwamba omena iende, lakini ya kumpelekea Sista.

Teresa akatuma barua yenye muhuri wa nyumba yake, ya kuonyesha watu wa viza. Ikabaki paspoti, na kwa paspoti ilitakiwa barua ya chifu kwamba anamjua huyu mtu na boma lake. Chifu wa wakati huo, ambaye sitamtaja, alimwambia Zilpah aje na mwanamume wa boma. Mwanamume gani, wakati mwanamume yuko kaburini? Chifu akasema yupo Zadock.

Zadock alikuwa mdogo wake Willis. Alikuwa bawabu kwenye ghala la tumbaku, na kazini alikuwa amepewa koti, zito, la kijivu, linafika chini ya magoti, na vifungo kama visahani. Alilivaa hata juani. Mtu akiliona lile koti kwa mbali alijua taabu inakuja. Huyu ndiye aliyekuwa akitaka kumrithi Zilpah tangu matanga, na kila mtu alijua macho yake yako shambani kuliko kwa mwanamke.

Alikuja hadi lojingi, akakaa, akaagiza chai, akaanza kutufundisha. Shemeji hawezi kwenda kulala ng'ambo kabla ya kurithiwa, chira itavuka bahari na kurudi. Lakini yeye si mtu mbaya. Yeye ameokoka, na anajua shemeji naye ni wa kanisa. Basi ipo njia nyepesi ambayo hata wazee wanaikubali. Hataingia nyumbani mwa mjane. Koti lake ndilo litakaloingia. Litaangikwa kwenye msumari jioni mbele ya watu, lilale humo mpaka asubuhi, na itahesabika kwamba shemeji amerithiwa. Baada ya hapo alale popote duniani, hakuna chira. Asubuhi yeye atakuja kuchukua koti, atapikiwa ugali, na mambo yatakuwa yamekwisha.

Mambo yatakuwa yamekwisha! Nilijua maana yake. Akishakula ule ugali amekuwa mwenye boma. Zilpah akirudi kutoka kwa Sista wake atakuta Zadock amekaa kwenye kiti cha Willis anapangisha shamba kwa watu wa tumbaku. Nilingoja Zilpah ampe vidonge vyake. Alichomuuliza ni kimoja tu: ina maana ni koti ndilo linalorithi? Zadock akasema ndiyo, ndilo, likishalala humo imetosha. Akamuuliza kama atayasema hayo mbele ya chifu na wazee. Zadock akasema hata mbele ya askofu.

"Basi lilete," Zilpah akasema.

Nilikaa siku mbili bila kumsemesha. Niliumia, sitaki kudanganya. Miaka yote hiyo ya kutembea kwenye tope, halafu unauza boma kwa ajili ya safari! Alitandika vitanda vyake kimya, akaniacha ninune.

Jioni ya koti nilikwenda, kwa hasira tu. Watu walijaa uani. Chifu alikuwepo, na mzee mmoja wa ukoo aitwaye Joash, mpole, asiyependa makelele. Zilpah akamwomba Zadock arudie maneno yake, na Zadock, kwa vile hadhira ilikuwa kubwa, akayarudia kwa kupamba: koti hili likilala humu mwanamke huyu amerithiwa, yuko huru kulala popote, na mtu asimguse wala kugusa boma lake. Joash akaitikia. Chifu akaona boma limepata utulivu, akaandika barua palepale, akapiga muhuri. Koti likaingia, likaangikwa. Sisi tukaenda zetu.

Asubuhi nilirudi mapema, sijui kwa nini. Labda nilitaka kumwona Zadock akila ule ugali ili nimchukie vizuri. Alikuja amenyoa ndevu, na Joash nyuma yake, na majirani wasiokuwa na kazi. Mlango ukafunguliwa. Zilpah akatoka amelivaa koti, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, chini limempita magoti. Begi lake mkononi, barua ya chifu kifuani. Jikoni hapakuwa na moshi.

Zadock alicheka kwanza. Akasema shemeji avue, ampe, apike.

"Shemeji, ulisema mwenyewe ni koti ndilo linalonirithi," Zilpah akamjibu. "Limelala kwangu, nimelikubali. Sasa ninasafiri nalo. Wewe hukulala humu, nikupikie kwa sababu gani?"

Zadock alimgeukia Joash. Yule mzee akasema alichosikia jana ndicho alichosikia, na yeye hakusikia popote kwamba mwenye boma ni Zadock. Akasema tena kwamba kama kuna mtu wa kulaumiwa ni yule aliyetuma nguo kufanya kazi ya mtu. Hapo mwanamke mmoja alishindwa kujizuia, akacheka, na wote tukamfuata. Mimi nilicheka huku nalia. Nilimbebea begi mpaka stendi, na njiani nilimwomba msamaha kwa kununa kwangu. Aliniambia ninuse koti, linanuka tumbaku, atalianika Nairobi akingoja paspoti.

Paspoti ikatoka, viza ikatoka, Februari akaenda. Aliporudi tulikesha kwa maswali. Chumba kilikuwa kidogo, dirisha linaangalia mlima, kitanda kinalia ukigeuka. Usiku wa kwanza hakupata usingizi kabisa. Alikaa kitandani na koti lake akishangaa kwamba yuko ng'ambo ya bahari, mbali hivyo na boma, na bado anapumua. Usiku wa pili alilala mpaka Teresa akaja kugonga mlango. Moto hakulipia hata siku moja. Kila asubuhi alikwenda kukaa na Sista, wakala omena kwa siri, maana watawa wengine walilalamikia harufu.

Na shamba halikulimwa na mtu. Nani angethubutu, wakati chifu na mzee wa ukoo walisikia?

Wiki aliyorudi, Zadock alikuja lojingi. Kule kwenye ghala walikuwa wamemwambia alipe koti la kampuni au alirudishe. Hakuagiza chai. Alisimama mlangoni na shati lake jepesi, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ni mtu mdogo wa mwili. Akasema, kwa adabu kabisa, kwamba amekuja kuchukua koti.

Zilpah alikuwa amebeba shuka mikononi. Hakuziweka chini.

"Koti nimeliacha Italia, shemeji, nyuma ya mlango wa Teresa, linangoja wageni wa baridi. Tumeachana. Ukilitaka lifuate. Nenda Februari, chumba ni rahisi, na umwambie moto huutaki."

Kisha akapita katikati yetu, akaingia chumba namba nne. Hakwenda kutandika. Mvua ilikuwa imeanza, na usiku huo alikuwa analala kwangu.